Kumfuata Yaya Aliyeiacha Dunia

Tangu nirudi, kila anayeniletea kinga yake nimtengenezee ananiuliza habari za safari, nami namjibu nusunusu kwa sababu mikono imo kwenye mnyororo wa baiskeli. Wengine wamesikia kwamba nilimkuta ndugu yangu amekuwa walii. Wengine wamesikia amerukwa na akili. Yote mawili si kweli. Nimeona afadhali niandike mara moja, mpeane mkisoma, nami nipate kufanya kazi.

Kwa wasionijua, mimi ni Bakari, fundi wa kinga, yaani baiskeli, hapa Kindu. Ndugu yangu mkubwa, Ramazani, ambaye tangu utotoni namwita Yaya, alikuwa na duka la vitambaa. Mkewe alipofariki, aligawa vitambaa vyote kwa wajane, akaniachia binti yake Aziza, mtoto wa miaka kumi na mmoja, akavuka mto na Kurani yake na blanketi moja. Alisema anataka zuhudi, maisha ya kutoipenda dunia, abaki na Mola wake tu. Wakati ule alisifiwa sana msikitini. Mke wangu alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kwangu hapakuwa na mtoto mwingine. Nilimpikia Aziza uji.

Ikapita miaka saba. Mwaka huu Aziza akachumbiwa na mwalimu mmoja wa Kibombo, na ndoa ikapangwa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani. Mnajua sheria yetu. Binti anaozwa na baba yake, na baba asipoweza kuja anampa mtu mwingine ruhusa ya kuoza kwa niaba yake, ruhusa ambayo tunaiita wakala. Shehe aliniambia, "Baba aliyepotea tungejua la kufanya. Lakini Ramazani hakupotea. Watu wa upande wa Pangi wanajua aliko. Nenda umuulize."

Zilibaki siku kumi na tatu.

Kuvuka kwenda Alunguli

Nilichagua vibaya siku ya kuanza. Jumamosi ni salongo, kazi ya lazima ya wote, na hakuna mtumbwi unaovuka mpaka iishe. Halafu nilikuwa nimevaa abakosti ya kuazima. Jirani yangu aliniambia mtu aliyevaa koti la Serikali hasumbuliwi barabarani, nami nikamwamini. Pale ufukweni msimamizi wa salongo aliliona lile koti, akanisalimu kwa heshima na kuniomba nikague mitaro. Nikamwambia mimi ni fundi wa kinga. Akanitazama toka juu mpaka chini, akanipa jembe. Nilichimba mtaro kwa saa tatu ndani ya nguo ya mtu.

Nilipofika Alunguli, ng'ambo ya mto, kamyo, yaani lori, ya kwenda Kalima ilikuwa imekwisha kuondoka. Nilikaa juu ya begi langu mpaka jua likazama. Abiria wengine waliochelewa walikuwa na jamaa wa kwenda kulala kwao. Mimi nilikwenda kulala kwenye mkeka wa msikiti, na mlinzi akaniuliza mara mbili kama kweli sina mtu upande huu.

Alunguli hadi Kalima

Tuliondoka Jumapili asubuhi, watu zaidi ya ishirini juu ya magunia ya chumvi. Kabla ya adhuhuri kamyo ikazama matopeni hadi ekseli. Dereva alishuka, akatazama magurudumu, akavua viatu, akalala chini ya mti. Wasaidizi wake wakaenda kutafuta magogo. Tulikaa pale siku mbili.

Mvua ilinyesha kila alasiri. Watu walikusanyika wawili wawili, watatu watatu, kila kundi na sufuria yake. Nilikuwa na mkate, nao ukalowa. Jioni ya kwanza mama mmoja mfanyabiashara, jina lake Mama Feza, akaniita nikae na yeye chini ya turubai la kamyo. Alikuwa anapeleka Kalima samaki wakavu wa chumvi, wale makayabo, na alikuwa amepika bugali na sombe ya majani ya muhogo. Alinimegea tonge kabla hajaniuliza jina, akaniita sitwayeni, yaani raia, kwa ajili ya lile koti.

"Sitwayeni, unaenda wapi na koti mzuri hivi?"

"Naenda kumutafuta yaya wangu. Anakaa peke yake porini, anasali."

"Ah. Njo kusema ni muntu kama wapadri wetu, hawa hawaoi?"

"Kwetu hakuna wapadri, mama. Walimu wetu walitufundisha kama dini yetu haina utawa. Muntu aoe, azae, afanye kazi yake sokoni. Mali ikae mukononi, isiingie moyoni. Hiyo njo zuhudi."

"Sasa yaya wako anafanya nini kule?"

Nilitafuna pole pole ili nipate muda. Jambo lile nimelisikia darsani tangu nikiwa mdogo, naweza kulieleza bila kukwama, lakini swali la mama yule halikuwamo humo. Akanisogezea sufuria.

"Pengine naye hajui," akasema. "Kula, bugali inapoa."

Siku ya Jumanne kamyo ikatoka topeni, na jioni tukaingia Kalima. Mama Feza alinifungia makayabo watatu katika jani la mgomba. "Mupatie yaya wako. Mwambie imetoka kwa mama mumoja wa barabarani." Binti zake watatu walikuwa wamemngoja penye soko, wakamvamia, kila mmoja akashika furushi. Nilisimama kando nikingoja kumuaga, lakini walikuwa wanazungumza wote pamoja, basi nikaondoka tu.

Kalima hadi njia ya Pangi

Baada ya Kalima hakukuwa na gari. Jumatano nilitembea siku nzima. Wachimbaji walinipita wakiwa na koleo begani, wananisalimu kwa sauti ndogo na kushuka pembeni ya njia, na mimi nikadhani watu wa huku wana adabu. Kumbe ni lile koti.

Alhamisi asubuhi nilifika kijiji nilichoelekezwa. Nilikwenda moja kwa moja kwa shefu wa kijiji, mtu wa makamo mwenye mguu mmoja uliovimba, nikamtajia jina la ndugu yangu lote, na jina la baba yetu, na mwaka aliotoka Kindu. Nilifikiri nikieleza vizuri nitasaidiwa upesi. Wanawake waliokuwa wanatwanga wakaacha kutwanga.

"Muntu huyu alishahama," shefu akasema. "Iko mbali. Ufuate njia hii ya kushoto, upite mito miwili midogo, utaona shamba ya zamani ya kahawa. Kule njo anakaa."

Nilifuata njia ya kushoto. Mito midogo ilikuwa minne. Nilifika penye mikahawa iliyogeuka msitu, na nyumba isiyo na paa, na ndani ya nyumba miti imeota. Niliita, "Yaya," kwanza kwa sauti ya kawaida, kisha kwa nguvu. Nilizunguka mahali pale mpaka nikaona nyayo, nikazifuata, na zilikuwa zangu mwenyewe. Siku nilizoziona ndefu katika maisha yangu si nyingi, lakini ile imo. Nilirudi kijijini jua linazama, kiatu kimoja kimeachama. Shefu akanipa mahali pa kulala na hakuniuliza kama nimempata.

Asubuhi yake, Ijumaa, nilikuta kinga ya shefu imelala ukutani, mnyororo umekatika. Mikono yangu haiwezi kuona kitu kama hicho na kutulia. Nilivua koti, nikaomba waya na jiwe, nikakaa chini. Nilipoinua macho, shefu alikuwa amesimama mbele yangu, anatazama vidole vyangu. Mnajua vidole vyangu. Ule weusi wa grisi hautoki hata kwa majivu.

"Weye njo fundi?"

"Miye fundi wa kinga, wa Kindu."

"Sasa sababu gani ulivaa nguo ya Serikali?"

Nilimweleza habari ya jirani na koti, na kwamba ninayemtafuta ni ndugu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa chini kwenye kigogo, akaanza kucheka kimya kimya mabega yakitikisika. Kisha akaacha kucheka.

"Tulifikiri unakuja kumufunga Maalimu, njo hivi tunamwita Ramazani. Muntu anafika na begi, anataja jina yote na ya baba yake. Sisi tukasema, huyu hatamupata." Akaniambia kwamba mama yake alipofariki, njia zikiwa zimejaa maji na hakuna jamaa anayeweza kufika, Ramazani alichimba kaburi peke yake tangu asubuhi hadi alasiri, na hakutaka hata kuku. "Na mama yangu alikuwa Mukristo," akasema. "Alituuliza tu namna gani sisi tunazika."

Akanionyesha njia ya kulia. Haikufika hata saa mbili za kutembea.

Kwa Yaya

Nilimkuta nje ya kibanda anapalilia muhogo. Nywele zote zimekuwa nyeupe. Amekonda, lakini jembe analishika kwa nguvu. Aliniona, akasimama wima, na neno lake la kwanza baada ya miaka saba lilikuwa hili:

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, Yaya. Aziza anaolewa."

Alikaa chini palepale kati ya matuta.

"Aziza ni mutoto."

"Ana miaka kumi na nane."

Alihesabu kwa vidole. Kisha akainuka, akaniletea maji ya kunawa, na wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia, tukaswali. Tuliswali rakaa nne, swala ya siku yoyote, kwa kuwa huko hakuna waumini wa kutosha kwa Ijumaa. Nilipotoa salamu ikanijia fikra kwamba ndugu yangu hajaswali Ijumaa kwa miaka saba, yeye aliyekuwa akikaa safu ya mbele kabla adhana haijaisha.

Kibandani mlikuwa na mkeka, Kurani iliyofungwa kitambaa, chungu, jembe na bakuli moja. Alichemsha muhogo. Nilimpa makayabo na maneno ya Mama Feza, akawachukua kwa mikono miwili, akatenga mmoja kwa ajili yetu, na wawili akasema ni wa shefu. Kwa kuwa bakuli ni moja, alinipa mimi kwanza, akakaa akiningoja nimalize. Sijui kama alisahau kwamba watu huweza kula pamoja kutoka bakuli moja. Nilikula haraka, nikiona aibu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo hata shehe sikumwambia. Njia nzima nilikuwa na mpango wangu. Aziza akienda kwa mumewe, nyumba yangu itabaki na mimi na spana. Nilisema moyoni, nikimaliza harusi nitafunga kibanda cha kazi nimfuate Yaya, tuzeeke pamoja katika ibada. Na Jumamosi asubuhi, nilipokaa kwenye mlango wa kile kibanda, hakuna sauti isipokuwa ndege na maji, nikaona hakuna kilicho rahisi kuliko kukaa. Kifua changu kilikuwa chepesi. Nikamwambia.

"Usije," akasema.

"Kwa nini? Unaona sifai?"

"Unafaa kunizidi. Njo sababu usije." Alikuwa anamenya muhogo, na hakuacha kumenya. "Bakari, watu walifikiri miye niliacha dunia. Sikuacha kitu. Mama Aziza alikufa, nikaona kila kitambaa katika duka nilimukatia yeye kipande. Kitanda chake, mulango wake. Nilikimbia. Nilipofika huku nikaita mbio yangu zuhudi, na watu wakaipenda, na miye pia nikaipenda."

"Lakini unasali. Unazika watu. Huombi kitu."

"Ndiyo. Mungu alinipa faida katika kosa yangu, simukatalii. Lakini sikiliza. Duka ningeweza kurudia leo, kesho likaungua, nisilie. Nyama sina hamu nayo. Iko kitu kimoja tu siwezi kukiacha, ni kukaa peke yangu. Kimenishika. Sasa muntu aliyeshikwa hivi, utamwita zahidi?"

Hapo hasira ya miaka saba ikanipanda. Sikupaza sauti. Nilisema, "Yaya, duka ni kitu. Kitanda ni kitu. Aziza si kitu. Alikungojea. Mwaka wa kwanza kila Ijumaa alivaa nguo nzuri, akasema labda leo. Mwaka wa pili akaacha, na hakunieleza sababu. Miye nilikuwa sina maneno ya kumupa, sababu msikitini walikuwa wanakusifu."

Kisu kikasimama. Alitazama muhogo mkononi kama hajui ni nini. Machozi yake hayakuwa na sauti, na niliona haya kumtazama, nikaingia ndani. Baadaye alikuja mlangoni akasema tuondoke kesho, atakwenda kumuoza mwenyewe.

Kurudi

Tulipita kwa shefu kumpa samaki. Alimkumbatia Yaya, akaniambia nisichelewe kumrudisha. Siku mbili za kwenda Kalima, Yaya alitangulia na mimi nikahema nyuma. Alizungumza njia nzima. Alitaka kujua Aziza anapenda nini, anasoma vipi, aliwahi kuugua, nani alikaa naye alipougua. Nilimjibu yote. Aliposikia kwamba Aziza alipata surua na mimi nikafunga kazi wiki tatu, alisimama katikati ya njia, akanishika mkono, akauachia, tukaendelea.

Kalima honi ya kwanza ilimrudisha nyuma hatua tatu. Pale sokoni aliniambia hasikii ninachosema, watu ni wengi, ingawa walikuwa wachache. Tulipata kamyo Jumanne jioni. Njia ilikuwa imekauka kidogo, tulizama mara moja tu, lakini kila tulivyokaribia mtoni maswali yake yalipungua, na Alhamisi asubuhi tuliposhuka Alunguli alikuwa amenyamaza kabisa.

Tulifika penye mitumbwi. Mpiga kasia, mzee Selemani, alimtambua, akampa salamu ndefu, akashika mtumbwi ili aingie. Yaya aliweka mguu mmoja majini. Akautoa.

"Anafanana na nani?" akaniuliza.

Ningeweza kusema uongo. "Anafanana na mama yake. Sura, na sauti pia."

Aliinamia maji, akanawa uso, akanawa tena. Kisha akamwita Selemani na mchuuzi wa mchele aliyekuwa akingoja kuvuka, akawaomba wasikilize, akasema wazi, "Nimemupa ndugu yangu Bakari wakala wa kumuoza binti yangu Aziza. Mumesikia?" Wakasema wamesikia. Sauti yake haikutetemeka.

Nilimsihi. Nilimwambia ni dakika chache tu za maji. Alisema, "Nimefika mahali nguvu yangu inafika. Usinidharau." Sikumdharau. Nilipanda mtumbwi na mchuuzi wa mchele, nikakaa nimeupa ufuo mgongo, na kati ya mto nikagundua kwamba nimeushika ubao wa mtumbwi kwa mikono yote miwili kama mtu asiyejua maji.

Ijumaa na Jumamosi

Ijumaa baada ya alasiri nilikaa mbele ya bwana harusi, tukashikana mikono, nikasema maneno yanayosemwa, kwa wakala wa baba yake Aziza. Mlikuwapo, mliona. Wengi mlinisifu kwamba nimesema bila kukosea. Aziza nilikuwa nimemweleza yote tangu Alhamisi, sikumficha, hata habari ya kufanana. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwa wanawake waliokuwa wanampaka hina.

Jumapili aliondoka kwa treni na mumewe kwenda Kibombo. Tangu siku hiyo nakula mapema, nafungua kazi mapema, na mtu akileta kinga hata isiyo na ubovu mkubwa namkalisha tuzungumze. Hilo mmeliona pia. Kwenda porini sitakwenda. Sikatai kwamba bado napafikiria.

Lakini Jumamosi, siku moja kabla ya kuondoka kwake, salongo ilipokwisha, Aziza alikuja na hina yake mikononi, akasema, "Baba mudogo, twende Alunguli." Mumewe alikubali. Tulivuka sisi wawili. Nilitumaini na niliogopa, sijui lipi lilizidi.

Ufukweni alikuwapo Selemani peke yake, anakausha nguo. Aliinuka alipomwona bibi harusi.

"Ameondoka leo alfajiri," akasema. "Alilala kwangu siku mbili. Jana aliniuliza saa gani mnaoza. Alasiri alikuja hapa, akasimama. Ngoma ilipoanza ng'ambo, tuliisikia vizuri sana, maji yanaleta sauti. Miye nilichoka, nikakaa. Yeye hapana. Alisimama mpaka ngoma ya mwisho, akaomba dua, kisha akaniuliza kama nina mahali pa kuswali."

Aziza alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu akauliza, "Alisimama wapi?"

Selemani akamwonyesha mahali penye mchanga mkavu, hatua chache juu ya maji. Aziza akainua kanga yake isilowe, akaenda akasimama pale, akatazama Kindu muda mrefu. Sikumfuata.

"Baba mudogo," akaita, bila kugeuka. "Njoo uone. Kutoka hapa nyumba yetu inaonekana."